Mji Mmoja, Mpiga Chapa Mmoja

Daktari Ashizawa hakuwa mtu wa kubeba karatasi zake mwenyewe, kwa hiyo alipoingia kiwandani Jumatatu asubuhi na bahasha kwapani, Orito Shuhei alijua kuna jambo. Akaisimamisha mashine ya chapa, akajifuta wino kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akamvutia mgeni kigoda.

"Sikai," daktari alisema, akakaa. "Ijumaa mjumbe wa Tokyo anafika kuifungua upya klabu yetu. Nataka nakala hamsini za hii, kila mtu aikute mbele ya sahani yake. Na karatasi iwe nzuri, Bwana Orito. Si ile ya kufungia samaki."

"Karatasi nzuri iliungua mwaka wa arobaini na tano, pamoja na nusu ya mji."

"Basi nzuri kiasi."

Orito akaipokea bahasha. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na tangu vita viishe alikuwa na uchovu wa namna moja usiotoka kwa kulala. Kinu, mkewe, alisema ni damu. Daktari alipoulizwa alisema ni viazi vitamu, kwamba kila mtu wa Namikawa aliyekula viazi vitamu miaka minne mfululizo yuko hivyo hivyo. Huenda. Lakini wenzake walikuwa wameanza kupata wali tangu mwaka jana na nyuso zao zimejaa, yeye bado.

Ndani ya bahasha mlikuwa na historia ya klabu, kurasa mbili za mwandiko wa daktari, ambao mjini kote ni mfamasia na Orito tu walioweza kuusoma. Klabu yenyewe ni ile yenye makao makuu Chicago na matawi dunia nzima, ya watu wa kazi wanaokula pamoja mchana mmoja kila wiki na kuufanyia mji wao jambo la manufaa, leo kisima, kesho madawati ya shule. Ina kanuni moja inayoumiza watu: kila kazi hutoa mtu mmoja tu. Tabibu mmoja, mwoka mikate mmoja, mtu wa benki mmoja, ili wa kazi moja wasije wakapatana bei juu ya supu. Ukiwa mpiga chapa wa pili katika mji, hata uwe mwema kama nini, utasubiri nje mpaka wa kwanza afe au ahame.

Orito alisubiri nje miaka kumi na mmoja. Wa kwanza alikuwa Yasugi Tomonori.

"Soma ukurasa wa pili," daktari alisema. "Hapo ndipo Tokyo watakapotoa leso."

Orito akasoma. Ukurasa ulieleza namna klabu ilivyojivunja mwaka wa 1940, serikali ilipoanza kumkodolea macho kila mwenye uhusiano na Amerika, na namna wanachama kumi na wanne waliojivunja Ijumaa moja huku wakilia walivyokutana tena Ijumaa iliyofuata, meza ile ile ya mkahawa wa Matsukaze, wakijiita Watu wa Ijumaa. Hayo yalikuwa kweli. Kisha ukaja mstari huu: *Mwanzo wa 1942 mwenzetu Yasugi Tomonori alikamatwa kwa kuchapa salamu za mwaka mpya kwa rafiki zetu wa kila nchi. Aliyemtaja kwa polisi hajulikani mpaka leo.*

"Vipi?" daktari akauliza.

"Mwandiko wako umezidi kuharibika."

"Mwandiko achana nao. Unajua klabu nyingine zinapeleka nini Tokyo? Picha za karamu. Sisi tuna mtu aliyefungwa. Miezi kumi na minne, mapafu yamekwisha, kwa ajili ya klabu. Mwaka wa arobaini watu walikuwa wakivuka barabara ili wasitusalimie, wakituita majasusi. Leo nina maombi thelathini na manne mezani. Mwenye kiwanda cha soya, yule aliyevunja vioo vya mchungaji, naye ameomba, tena anataka kufundishwa nyimbo. Vita ni samadi, ndugu yangu. Inanuka, lakini tazama klabu inavyoota."

"Na Yasugi mwenyewe atakuwapo?"

"Lazima awepo. Nimemwandika kwenye orodha chini ya vifaa vya shule."

"Hauzi vifaa vya shule."

"Anawachapia walimu mitihani kwa stensili. Ni jirani na vifaa. Kiti cha chapa ni chako, hakuna anayekugusa." Daktari akasimama, akajipigapiga suruali. "Nimemwandikia barua mbili, hajajibu. Ukishapanga, mpelekee prufu aisome na kuisahihisha. Nyinyi watu wa chapa mnaelewana."

Akaenda zake. Orito akabaki na kurasa mbili mkononi, na mashine nyuma yake ikiwa bado ina joto.

Sasa, namna Yasugi alivyotajwa kwa polisi ni hivi, na wala haikuchukua muda wa kunywa chai. Mwezi wa kwanza wa 1942 vita na Amerika vilikuwa na wiki chache tu. Yasugi, ambaye siku zote alikuwa na kichwa kigumu, alichapa kijikaratasi, nakala kumi na nne, kimoja kwa kila Mtu wa Ijumaa: heri ya mwaka mpya kwa rafiki zetu wa kila nchi, tutaonana tena mezani. Hakuweka jina la kiwanda. Moja kati ya zile kumi na nne ikafika polisi, kwa njia gani haikujulikana wakati ule, na makachero wawili wakaanza kuzunguka. Wakaingia kwa Orito. Walikuwa na adabu. Yule mkubwa akamwekea karatasi juu ya meza akasema, "Mzee, wewe ni fundi. Sisi hatuoni kitu hapa, kwetu ni maandishi tu. Wewe unaweza kujua imetoka wapi?"

Ndivyo alivyoulizwa. Laiti wangemtisha, au wangemwambia taja msaliti, pengine angefumba mdomo. Hakuwa mtu mbaya, na woga wake ulikuwa wa kawaida. Lakini waliuliza kama anaweza. Fundi wa miaka thelathini, ambaye miaka kumi na mmoja amepitwa kwenye meza ya wakubwa kwa kuwa wa pili, anaulizwa kama anaweza. Akaiinua karatasi kwenye mwanga.

"Herufi za ukubwa namba tano, za Yasugi," alisema. "Tazama hii inayosomeka 'rafiki' peke yake. Mstari wake mmoja una pengo. Ilimwanguka mwaka wa thelathini na sita na hajainunua nyingine mpaka leo. Bahili yule."

Akacheka. Makachero wakacheka naye, wakamshukuru, wakatoka. Walipokwisha kata kona ndipo kicheko kilipomkauka. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Hawakusema kwamba mara nyingine huwa ni kichwa cha mwingine.

Mwezi wa nne Daktari Ashizawa akamwendea na maneno matamu: kiti cha chapa kiko wazi, mji una mpiga chapa mwingine, kwa nini kikae bure. Orito alikwenda. Alikaa kwenye kiti ambacho kilikuwa bado na alama ya mgongo wa Yasugi, akala, wakamwuliza habari za kazi. Mwaka uliofuata serikali ikaunganisha viwanda vidogo, na mashine za Yasugi na makabati yake ya herufi yakaletwa kwa mikokoteni mpaka kwake. Hilo hakuliomba. Lakini halikumzuia kuyapokea.

Na Ijumaa zile zilimfaa, hilo nalo lazima lisemwe. Jeshi lilipomletea sanduku la mwanawe Shin aliyekufa vitani Luzon, jepesi, lenye kijiwe ndani mahali pa mifupa, hakuna aliyejua la kumwambia. Watu wa Ijumaa hawakusema kitu. Walikuja kumi na wawili, kila mmoja na kiazi kimoja, wakavichemsha jikoni kwa Kinu wakala naye. Wiki iliyofuata wakamngojea Matsukaze, na ile iliyofuata pia. Kwa miaka mitano alikuwa akiishi kutoka Ijumaa hadi Ijumaa, na siku sita za katikati alizipitisha tu.

Jumanne akaanza kupanga. Alipanga mwenyewe, herufi moja moja kutoka kwenye kabati, kwa sababu kijana wake wa kazi alikuwa mvivu na kwa sababu alitaka. Ukurasa wa kwanza ulikwisha kabla ya adhuhuri. Wa pili ukaenda vizuri mpaka pale pa salamu za mwaka mpya. Akapanga *aliyemtaja kwa polisi*. Akasimama hapo, kibano mkononi.

Kinu akaleta chai ya shayiri. Akaitazama ile kazi iliyosimama, akamtazama mumewe.

"Umefika hapo," alisema.

"Hapo wapi?"

"Baba Shin, nilikuwa nyuma ya pazia siku ile, nakunja nguo. Nilikusikia ukicheka."

Orito akaweka kibano chini. Miaka saba. Miaka saba mwanamke huyu amekaa naye, wamezika sanduku la kijiwe pamoja, wamekimbia moto pamoja na godoro kichwani, na neno hilo lilikuwa tumboni mwake muda wote huo.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa huli. Nikasema moyoni, akianza kula nitamwambia. Ulipoanza kula, kukawa hakuna chakula." Akammiminia chai. "Daktari ameandika hajulikani?"

"Hajulikani."

"Basi jiandike ajulikane, au panga kama alivyoandika. Lakini usisimame hapo katikati, unaniziba mwanga."

"Nikijiandika, Ijumaa zangu zimekwisha."

"Zimekwisha. Na mimi nitakuwa nawe humu ndani siku saba kwa wiki." Akafikiri kidogo. "Sijui ni nani wa kuhurumiwa zaidi."

Kinu alipoondoka, Orito akachukua kibano akapanga: *Aliyemtaja kwa polisi ni Orito Shuhei, mpiga chapa, ambaye baadaye alikalia kiti chake.* Akatoa prufu moja tu, wino ukiwa mwembamba kwa kuwa alikuwa na haraka, akaikunja mara mbili.

Yasugi alikodi chumba nyuma ya shule ya msingi, upande wa choo. Jumatano alasiri Orito alimkuta ameketi sakafuni mbele ya kibao, anachora hesabu za darasa la nne kwenye karatasi ya nta kwa kalamu ya chuma, kikohozi kikimkatiza kila baada ya mistari miwili. Alikuwa amekonda mpaka masikio yake yalionekana makubwa. Tangu arudi mjini mwaka jana kutoka kwa dada yake milimani, walikutana njiani mara nne au tano, na kila mara waliinamiana wakapita.

"Bwana Yasugi."

"Aha. Mpiga chapa." Yasugi hakusimama. "Ingia, funga mlango, upepo unanikosesha mistari. Daktari kakutuma?"

"Ametaka uisome prufu."

"Nipe."

Akaichukua, akavuta penseli nyekundu kutoka nyuma ya sikio, akaanza kusoma kama watu wa chapa wanavyosoma, polepole, midomo imefungwa. Kwenye mstari wa tatu akaweka alama. "Nukta hapa imelala." Kwenye wa saba tena. "Umebana nafasi. Siku zote unabana nafasi, Orito. Maneno nayo yanataka kupumua." Akageuza upande. Orito alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, anayatazama magoti yake. Akasikia penseli imesimama.

Nje watoto walikuwa wakifagia uwanja. Yasugi akakohoa, muda mrefu, akatema kwenye karatasi, akaikunja vizuri akaiweka pembeni.

"Nilijua siku ya pili," alisema. "Walinionyesha ile karatasi wakaniambia herufi ya 'rafiki' ina pengo. Polisi hawajui herufi. Namikawa nzima tulikuwa wawili tu tunaojua, na mimi sikuwaambia."

"Ulijua muda wote huo, na hukusema?"

"Kumwambia nani? Ashizawa? Aliyenifuta kwenye orodha kabla mashtaka hayajasomwa? Au yule jirani yangu wa meza, mtu wa benki, aliyeipeleka karatasi yenyewe? Maana ni yeye, kama hukujua. Alikuja mwezi wa pili mwaka huu kuniambia. Alilia hapo hapo ulipo."

Orito akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Nimekuja kukuomba radhi. Sikutaka. Waliniuliza kama naweza, mimi nikaona fahari. Ni upumbavu, sina la kujitetea. Nakuomba..."

"Inuka, usiniombe."

"Bwana Yasugi, tafadhali."

"Inuka, unanichosha." Sauti yake haikupanda. "Mwaka mzima huu watu wananijia hapa mmoja mmoja. Mchungaji aliyebadili mahubiri yake kwa woga. Mwalimu mkuu. Mtu wa benki. Kila mmoja anainama, analia, namsamehe, ananiachia kapu la viazi, anaondoka amepona kabisa, anatembea kama kijana. Mimi nabaki na viazi. Nimechoka kusamehe, Orito. Imekuwa kazi kama kazi nyingine, na hainilipi."

Orito akainuka. Mikono yake haikujua ikae wapi, akaiweka mapajani. "Basi sentensi iache kama nilivyoipanga. Nilie mbele yao, si mbele yako."

"Hiyo ndiyo siitaki kabisa." Yasugi akaugonga mstari kwa penseli. "Hebu fikiria. Ijumaa mjumbe anasoma hapa. Ukumbi kimya. Ashizawa anasimama anakukumbatia, maana anajua kutumia kila kitu. Mtu mkweli wa Namikawa. Tokyo wataandika kwenye jarida lao. Mwisho wa mwezi umeshakuwa mtu mkubwa kuliko mimi niliyelala kwenye saruji. La." Akaukata mstari kwa nyekundu, mara moja, kwa rula. Juu yake akaandika kwa mwandiko mdogo wa kifundi: *hajulikani mpaka leo.* "Utaibeba wewe, hivyo hivyo, kama nilivyoibeba mimi. Nisikie mtu mwingine anaijua, nitasema wewe ni mwongo."

"Mke wangu anajua."

"Wake hujua. Huyo simhesabu."

Akamrudishia prufu. Orito alidhani yamekwisha, akaanza kujikusanya aondoke, lakini Yasugi alikuwa bado anamtazama.

"Kiti nakitaka," alisema. "Cha chapa. Vifaa vya shule ampe mwenye soya."

"Huna mashine. Kanuni inataka mwenye kazi yake."

"Unazo wewe. Ile yangu ya kukanyaga kwa mguu, na kabati la namba tano. Mbili hizo tu zinanitosha, nyingine kaa nazo. Nitakodi kibanda cha yule muuza mkaa karibu na stesheni."

Nusu ya kazi ya Orito ilifanywa na ile mashine ya kukanyaga, kwa maana umeme ulikuwa ukikatika kila siku. Yasugi alilijua hilo kama anavyoijua mashine yenyewe. Orito akatazama hesabu za darasa la nne kwenye kibao, zilizochorwa kwa mkono mzuri kupita zilivyostahili.

"Chukua," akasema. "Ijumaa asubuhi njoo na mkokoteni."

"Na mchana nitakwenda Matsukaze."

"Ndiyo, utakwenda."

"Vizuri."

Akafika mlangoni, akavaa kiatu kimoja. Hakukusudia kuuliza. Lilimtoka tu, mgongo ukiwa umemwelekea mwenyeji, kama linavyomtoka mtoto.

"Mimi nifanye nini Ijumaa?"

Kalamu ya chuma ilikuwa imekwisha rudi kazini, inakwaruza nta.

"Utazoea," Yasugi alisema. "Mimi nilizoea."

Alhamisi asubuhi Orito alikwenda kwa daktari, akasema anajiuzulu kwa sababu ya afya, na kwamba Yasugi amerudishiwa mashine yake, kwa hiyo mpiga chapa wa mji ni yeye. Daktari alimpima mapigo kwanza.

"Una wazimu," alisema. "Mshindani wako unampa mashine?"

"Nimechoka, daktari."

"Sote tumechoka. Hatugawi mashine." Akazunguka meza. "Ngoja. Tutakuweka uuzaji wa karatasi."

"Siuzi karatasi. Hata mwenyewe ninayo ya samaki tu."

"Basi ukingoja kidogo..." Na hapo, katikati ya maneno yake, Daktari Ashizawa akasimama, na uso wake ukaanza kung'aa kwa namna ambayo Orito aliijua tangu zamani na kuiogopa. "Lakini tazama. Tazama unachofanya wewe. Mtu ana kiti, ana mashine, vyote anampa mwenzake aliyeonewa. Kwa hiari yake. Bwana Orito, haya ndiyo hasa wanayoyasema Chicago kila mwaka na hakuna anayeyafanya."

"Daktari, usiyaandike."

"Nitayaandika, kwa nini nisiyaandike?"

"Nakuomba."

"Unyenyekevu nao nitautaja." Alikuwa amekwisha vuta karatasi. "Niambie sababu moja ya kuniziba mdomo."

Sababu ilikuwepo moja tu, na Orito alikuwa ameambiwa asiitoe. Akasimama pale na kofia mikononi, daktari akaandika mistari minne, akampa.

Mchana ule aliipanga. Kwanza akatoa mstari wake mwenyewe, akarudisha kila herufi ya jina lake kwenye kijumba chake kabatini, akapanga mahali pake *hajulikani mpaka leo*. Kisha chini yake akapanga mistari ya daktari: *Na katika siku hizi mwenzetu Orito Shuhei, bila kuombwa na mtu, amemrudishia Bwana Yasugi kiti na mashine, mfano wa moyo wa huduma ambao mji wetu utaukumbuka.* Nafasi kati ya maneno akaziachia zipumue. Alichapa nakala hamsini, na moja ya akiba, ambayo Kinu aliisoma amesimama, akaikunja, akawashia jiko.

Ijumaa mkokoteni ulikuja saa tatu. Yasugi alikuja nao, akaikagua mashine kila skrubu, akasema imetunzwa vizuri, akasaidia kulipandisha kabati ingawa kifua kilimkataza. Kiwanda kikabaki na pengo sakafuni mahali mashine ilipokuwa, mbao zake nyeupe kuliko za pembeni, na kijana wa kazi akaambiwa apafagie.

Saa tano na nusu Orito akanawa mikono kwa majivu, akasugua kucha kwa brashi mpaka wino ukatoka. Akavaa shati safi. Akafunga tai, akavaa koti jeusi, akachukua kofia. Alikuwa ameshafungua mlango wa mbele na mguu mmoja uko nje, uso amegeuzia upande wa Matsukaze, Kinu alipotoka jikoni na mabakuli mawili ya wali wa shayiri.

"Baba Shin," alisema. "Unakwenda wapi?"

Orito akasimama mlangoni. Mtaani watu wawili aliowajua, mfamasia na mtu wa benki, walikuwa wanapita kwa haraka kuelekea huko, na wote wawili walimvulia kofia kwa heshima kubwa kuliko ya siku zote, kwa sababu daktari hakungoja sahani, nakala alikuwa amezigawa tangu asubuhi. Akawarudishia salamu. Wakapita.

Kinu akaweka mabakuli mezani. "Vua koti, ule," akasema.

Akavua.